Woga Usiokuwa Wangu

Barua ilitoka Scotland katika bahasha nyembamba ya samawati. Ilisema chuo kimoja cha huko kilikuwa tayari kunipokea niingie mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi Nairobi, ambako madaraja yote niliyoyajua yalikuwa ya penseli. Huko, barua ilisema, wanafunzi hupelekwa kwenye mito. Nililisoma neno hilo, mito, mpaka nikasikia maji.

Sehemu kubwa ya mpango tuliifanyia Thika, kwa rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja. Yeye pia alikuwa amekubaliwa chuo hicho hicho. Baba yake alikuwa fundi cherehani karibu na soko, na kila Jumamosi nilipopata pasi ya kusafiri tulikalia benchi la wateja, vipande vya kitambaa vimetuzunguka miguuni, tukipanga hatua moja baada ya nyingine: fomu ya chifu, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya pale Thika, kisha pasipoti, kisha meli. Siku moja fundi alituita sote wawili atupime makoti.

"Nyoosha mgongo wewe," aliniambia. "Koti halishonewi mtu anayechimba viazi."

"Mwache, baba. Anafanya mazoezi ya baridi," rafiki yangu akasema. "Nasikia huko watu huoga Jumamosi peke yake."

"Basi wewe utadhani hujatoka kwenu," nikamjibu.

Fundi alicheka na pini zake mdomoni mpaka tukaogopa atazimeza. Tulikuwa na furaha ya namna hiyo. Tuliapa kwamba tutakwenda wawili, na kwamba kama mmoja akikwama, asimfiche mwenzake.

Fomu ya chifu ndiyo iliyokuwa mlango wa yote. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari, mtu wa kwetu hakuenda hata Nairobi bila karatasi mfukoni, sembuse ng'ambo. Kwa chifu wetu ilikuwa lazima mkubwa wa nyumba asimame mbele yake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anamkubalia kijana, kisha atie kidole gumba kwenye wino. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mkubwa wa nyumba yetu pale Gatongora, katika kijiji tulichohamishiwa na serikali nyuma ya handaki na miti iliyochongwa ncha, alikuwa mama yake baba, niliyemwita Cucu.

Nimebeba jina la mumewe, kama anavyopewa mtoto wa kwanza wa kiume kwetu. Kwa hiyo mama yangu hakunitaja kwa jina hata siku moja, maana huwezi kumtaja hivi hivi baba mkwe wako; aliniita Baba. Naye Cucu aliniita mume wangu. Nilipokuwa mtoto alinilalamikia mbele ya wageni kwamba sijamjengea nyumba ya mabati. Nilipoingia chuoni alitangaza kanisani kwamba mumewe amerudi shule uzeeni. Watu walicheka, nami nilicheka, kwa sababu ulikuwa utani wa nyumba zote.

Mume mwenyewe, babu yangu, alichukuliwa katika vita vya kwanza vya Wazungu kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari ya kaburi. Cucu hakulizungumzia jambo hilo, nami sikumuuliza. Nilidhani limekwisha.

Nilimsomea barua ya Scotland jikoni, nikiigeuza kwa lugha yetu sentensi kwa sentensi. Alisikiliza akikoroga uji.

"Na hiyo mito yao haina madaraja mpaka leo?" aliuliza.

"Inayo, Cucu. Tunakwenda kuona yalivyojengwa."

"Basi nenda ukaone, mume wangu. Lakini usiniletee mke mwenza."

Alipaka kidole gumba masizi ya sufuria, akakibandika kwenye jani kavu la mgomba, akanionyesha. "Kinatosha hiki?" Nikamwambia kinatosha kabisa. Kilikuwa kimetoka safi, na mistari yake yote inahesabika. Alifanya hivyo jioni tatu mfululizo, na jioni zote hizo aliniuliza kinatosha.

Siku moja kabla ya kwenda kwa chifu aliomba ruhusa ya kutoka kijijini akamtazame mgonjwa wa kanisani kwao, upande wa Ruiru. Alirudi amechoka. Mama alimwekea maji ya miguu na hakumuuliza hali ya mgonjwa. Hilo nililikumbuka baadaye sana.

Asubuhi tulikwenda kwenye kambi ya chifu. Palikuwa na foleni ya watu kama thelathini wakisubiri pasi za kazi na za sokoni, wamechuchumaa kwa mstari, na askari wa kijiji wamesimama na bunduki zao. Chifu alikuwa amekalia meza nje, karani ubavuni. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Barua yangu nilikuwa nimeiweka kati ya kurasa za daftari isikunjike.

"Aa, bibi," chifu alisema alipomwona Cucu. "Leo umemleta mwenyewe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa mpole, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kijana, usione haya. Nyanya yako alifika hapa jana akaniambia yote. Unaogopa safari, na unamwonea aibu mwenzako wa Thika, kwa hiyo umemtuma aniombe mimi nikukatalie. Sasa kwa nini kuzunguka? Mtu akiogopa aseme. Hata mimi hiyo bahari siitaki."

Karani alicheka kwanza. Kisha askari. Kisha ule mstari mzima wa watu waliochuchumaa, ambao hawakuwa na cha kuchekea tangu alfajiri, wakacheka kama waliopewa zawadi.

"Injinia wa nchi kavu!" mmoja akapaza sauti.

"Mjengeeni daraja la kwenda chooni!"

Nilimtazama Cucu. Alikuwa ameangalia ukingo wa meza, mikono ndani ya shuka.

"Ni kweli au si kweli?" chifu aliuliza, na upole ulikuwa umeanza kumwisha. "Maana kama si kweli, huyu mama alikuja kunidanganya ofisini kwangu."

Kila mtu pale alijua aliyemdanganya chifu anafanywa nini. Wiki iliyotangulia mama mmoja aliyesema uongo kuhusu mahali alikolala mwanawe alichimbishwa handaki siku sita, na mgongoni ana mtoto. Cucu alikuwa na magoti yasiyokunjika. Niliyatazama yale magoti chini ya shuka. Nadhani naye alikuwa ameyahesabu. Alijua nitayatazama.

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Naogopa."

Karani alisukuma fomu mbele yangu. Ilikuwa imekwisha kujazwa, wino umekauka tangu jana: kijana mwenyewe hataki. Hawakuhitaji kidole cha Cucu. Walihitaji sahihi yangu, nami nilitia, kwa mwandiko mzuri tuliofundishwa kuandikia majina pembeni ya michoro.

Njiani nilitembea mbele yake, kinyume cha adabu. Tulipofika penye mibuni ya shamba la mzungu, ambako hapakuwa na mtu, nikasimama.

"Cucu, umenifanya nini?"

"Nimekuweka usipotee."

"Umeniuza mbele za watu. Kwa nini hukuniambia hutaki tukiwa nyumbani?"

"Nyumbani ungenishinda kwa maneno. Umesoma." Alikuwa anahema. "Yule naye aliitwa kwa karatasi. Akasema atarudi kabla mahindi hayajabeba."

"Mimi si yeye!"

"Nani kasema si yeye? Hilo jina nilikuwekea mimi, mama yako akiwa bado na damu."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na hoja zote, za meli na za barua za ndege na za miaka miwili tu. Lakini aliniangalia kama mke anavyomwangalia mume aliyebambwa na sanduku mlangoni, na nikaona kwamba hapakuwa na utani. Hapakuwa na utani hata siku moja. Watu wote walikuwa wamecheka, mimi nikiwa wa kwanza, na yeye peke yake alikuwa anasema kweli. Alinipenda hivyo miaka ishirini, mahali pa mtu mwingine.

"Na mama alijua?"

Alinipita, akaendelea kupanda mlima polepole, ameshika magoti.

Jumamosi nilikwenda Thika. Kicheko cha kambini kilikuwa kimenitangulia kwa treni. Kwenye benchi la wateja alikaa mmoja wa askari wa kijiji chetu, bunduki kati ya mapaja, akingoja suruali yake itiwe kiraka. Fundi hakuinua macho. Koti langu lilikuwa kwenye meza, limepigwa bandi ya kushikiza tu kwa uzi mweupe, halina mikono bado.

"Wanasema uliogopa," rafiki yangu alisema.

Nilimtazama askari. Askari alinitazama.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo! Tukikaa hapa kila wiki, wewe unajua huendi." Sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Ungeniambia mimi, bwana. Mimi! Ningekucheka siku moja tu, halafu yangekwisha."

Nilimwomba anisindikize stesheni. Alisema ana kazi. Fundi alichukua wembe, akaanza kulifumua koti, mshono baada ya mshono, kitambaa kimfae mtu mwingine.

Rafiki yangu alisafiri mwezi uliofuata. Niliwaandikia wale wa Scotland kwamba mambo ya nyumbani yamenizuia, na niliichana barua hiyo mara nne kabla ya kuipeleka posta. Cucu aliendelea kuniita mume wangu. Niliitika, kwa sababu kijiji ni kidogo na kuta ni za udongo, lakini niliitika kama anavyoitikiwa karani.

Barua zetu zilikuwa zikifunguliwa na watu wa chifu, na ilipita zaidi ya mwaka kabla sijaona njia salama ya kusema. Nikamwandikia rafiki yangu kurasa sita, nikamweleza yote: safari ya jana yake, ile fomu, magoti, yule askari benchini. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu kirefu kisichokuwa na hesabu, na nilipomaliza niliipeleka posta siku hiyo hiyo.

Jibu lake lilikuwa fupi na la adabu. Alisema masomo ni magumu, afya ni njema. Kuhusu lile jambo, alikwisha kunisamehe zamani, na woga si dhambi. Ila hakupenda, alisema, kuona nimefikia kumsingizia mama mzee.