Jumamosi Niliyochunga Kadi Mbili

Nimeuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo tangu wakati mama wa mjukuu wangu alikuwa bado mgongoni. Shule niliacha darasa la tatu. Lakini maziwa yaliyokamuliwa upande wa Gotu, jua likiwaka, nimeyafikisha mjini bila kuharibika, na hiyo si kazi ya mtu mjinga. Nasema mapema ili usishangae nikikuambia kompyuta ya mjukuu wangu ilipona kwa mkono wangu, na karibu ife kwa mkono huo huo.

Mjukuu wangu ni msichana wa miaka ishirini na moja, tunakaa naye mtaa wa Wabera. Anacheza mchezo wa kompyuta, ule wa watu watano dhidi ya watano. Zamani nilimwambia ni upuzi. Halafu nikaona vijana wanatoka mbali kuja kumtazama akicheza, nikanyamaza. Mwaka huu timu moja ya Nairobi ilitaka mchezaji mmoja. Wakamwambia ajaribiwe Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi, akiwa hapa hapa nyumbani. Waamuzi wangeona mchezo wake na mikono yake moja kwa moja kutoka huko waliko. Picha ikikatika, basi. Sauti ya mtu mwingine ikisikika chumbani, basi. Hakuna kurudia, wengine walikuwa kwenye foleni.

Shida ilikuwa kompyuta. Ndani yake kuna kitu kinaitwa kadi ya grafiki, ndicho kinachochora picha. Yake ilikuwa kubwa, nzito kama tofali, na feni tatu. Lakini ikichora mchezo na papo hapo itume picha kwa waamuzi, mchezo ulikuwa unakwamakwama. Kwa hivyo akatafuta kadi ya pili ifanye kazi ya kutuma peke yake. Akapata moja kuukuu, fupi, ya kampuni nyingine kabisa, na kafeni kamoja kadogo. Akazifunga zote mbili ndani ya kasha moja.

Ijumaa nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa sakafuni, skrubu tatu mdomoni.

"Imezima tena?" nikamuuliza.

"Dakika arobaini, Akko." Akko ni nyanya kwa Kiborana. "Inafika digrii mia, inajizima."

Nikachungulia. Kubwa imelala juu, ndogo imelala chini yake, na kati yao hata kidole changu hakipiti. Feni zote tatu za ile kubwa zilikuwa zinatazama mgongo wa ile ndogo.

"Huyu mkubwa anavuta jasho la mwenzake," nikasema. "Wabadilishe."

"Nimejaribu. Kubwa haiingii chini, inagonga kisanduku cha stima."

Nilitoka nje nikalowesha gunia la katani, nikalikamua, nikarudi nalo. Hivyo ndivyo tunavyofanya na jerikeni za maziwa. Unazifunika gunia bichi, upepo unapiga, maziwa yanapoa.

Mjukuu wangu alitema skrubu.

"Akko. Weka hiyo chini. Polepole. Hapo mlangoni."

"Ni maji kidogo tu."

"Tone moja na mimi nakuja kuuza maziwa na wewe."

"Na kuna ubaya gani kuuza maziwa? Umekula nini miaka yote hii?"

Akanyoosha kidole mlangoni. Nikaliweka gunia hapo.

Nikakaa. Nikaangalia zile kadi kwa muda. Tukipakia jerikeni kwenye pikapu hatuzilazi. Jerikeni zikilala moja juu ya nyingine, ya katikati inachacha kabla hujafika Kulamawe. Unazisimamisha, unaacha nafasi, upepo unapita.

"Kwa nini umezilaza?" nikamuuliza.

"Ndivyo zinavyokaa. Kasha likisimama, kadi zinalala."

"Basi lilaze kasha, kadi zisimame."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa afungue mlango ambao haujafungwa. Akalaza kasha kwa ubavu, akaondoa kifuniko, kadi zikasimama wima mbele yetu. Kubwa ikaacha hata ile tabia yake ya kuning'inia kwa uzito. Akaleta feni ya meza, akaielekeza katikati yao. Akawasha, akacheza saa nzima. Ile kubwa themanini na moja, ndogo themanini na nne.

"Akko, wewe ni mchawi."

"Mimi ni mwuza maziwa. Lala."

Lakini Ijumaa ilikuwa na mawingu. Jumamosi mbingu ilikuwa nyeupe, mabati yanalia juu yetu. Baada ya sala ya adhuhuri nikamwambia tutundike gunia bichi dirishani, mbali na mashine, hewa iingie imepoa. Akapima kwa hatua kutoka dirishani mpaka mezani. Hatua nne. Akakubali. Nililikung'uta vizuri, nikalining'iniza mwenyewe.

Tukapatana. Mimi nikae kando ya kasha, mahali kamera haifiki, niangalie namba mbili za joto la kadi kwenye skrini ndogo. Moja ikifika tisini nimguse mguu mara moja chini ya meza, apunguze uzuri wa picha. Nisiseme neno. Nisitie mkono ndani.

"Hata ukiona moto?" nikauliza.

"Ukiona moto, sema."

Saa nane ikaanza. Mimi sijui mchezo, lakini nilijua uso wake. Alikuwa hapepesi macho. Vidole vinaenda kama vya mtu anayesuka. Namba zikapanda: sabini na tano, themanini, themanini na tatu. Zikakaa hapo. Gunia lilikuwa linafanya kazi, nilisikia ubaridi shingoni, na nikajisifu moyoni.

Karibu saa tisa unusu upepo ukaja, ule wa vumbi. Gunia likapigapiga dirishani. Nikaenda kwa kunyata, nikafunga dirisha, nikarudi. Themanini na saba. Nilitarajia hiyo, joto limefungiwa ndani. Lakini ile ndogo haikusimama hapo. Themanini na tisa. Tisini. Nikamgusa mguu. Alibonyeza kitu bila kutazama. Tisini na mbili. Nikamgusa tena. Akatikisa kichwa kidogo, hana la kupunguza tena, kwa sababu ile ndogo haichori, inatuma tu.

Nikainama juu ya kasha. Feni ya kadi ndogo ilikuwa imesimama.

Na nikaona kilichoisimamisha. Uzi wa katani, mrefu kama kidole, umejizungusha kwenye mhimili wake. Uzi wa gunia langu. Upepo uliuchomoa dirishani ukaupitisha zile hatua nne alizopima.

Sijawahi kuona aibu kama hiyo, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Siwezi kusema. Yeye hawezi kuacha. Tisini na nne. Ilikuwa imebaki robo saa na kitu. Kutoka tisini na nne hadi mia ni mbali gani? Jana yake niliona inaruka sita kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nilikuwa na mswaki wangu wa mti kwenye mkunjo wa leso. Nikaung'ata ncha mpaka ikachongoka, nikaufuta kwa nguo mpaka ukakauka. Mti haupitishi stima, hilo najua. Nikasema bismillahi moyoni nikaingiza mkono. Hewa iliyotoka humo ilichoma kama ya jiko. Uzi ulikuwa umekaza. Nikauchokoa, ukakatika kipande. Nikauchokoa tena. Mkono wangu una miaka sitini na nane, kwa hivyo nikaushika kwa ule mwingine. Tisini na saba. Nikapata ncha, nikazungusha mswaki polepole kama ninasokota uzi, ukatoka wote.

Feni ikakaa. Ikatikisika. Ikakwaruza mara moja, ikazunguka.

Tisini na nane. Tisini na nane. Tisini na saba.

Nilikaa chini nikakunja uzi kiganjani. Mjukuu wangu hakugeuka hata mara moja.

Saa kumi akavua vile vya masikioni. Picha haikukatika. Alikuwa ameshinda raundi mbili na kupoteza moja, na ile aliyopoteza ilikuwa makosa yake, alisema hivyo mwenyewe. Waamuzi wakapiga simu kabla ya magharibi kuadhiniwa.

"Wamenichukua," akasema. "Lakini wa akiba."

"Akiba ni nini?"

"Nakaa nangoja mmoja wao augue."

"Basi tuwaombee mafua tu. Mafua hayaui."

Akacheka, halafu akaanza kulia, halafu akaniuliza namba zilikuwaje pale mwisho, kwa sababu nilimgusa mguu mara mbili na baadaye nikanyamaza. Nikafungua kiganja, nikamwonyesha uzi.

Aliuangalia. Akauangalia mkono wangu, mahali ngozi ilipogeuka nyekundu.

"Ulitia mkono ndani."

"Nilitia."

"Ikiwa inawaka."

"Gunia lilikuwa langu," nikamwambia. "Ungetaka nani atie mkono?"