Kijiko Kilicholika

Daftari la marehemu mama yake lilisema nusu kilo ya unga, chumvi vijiko vitatu. Mwoka mikate alipima chumvi ya kijiko kipya kimoja kwenye mizani: gramu sita. Akatia kumi na nane. Mkate ukatoka chumvi tupu, hauliki.

"Daftari hili lina wazimu!" alimfokea dada yake, akasonya.

"Liache daftari, mdogo wangu. Mama alipimia kijiko chake cha kukwangulia sufuria. Kililika upande mmoja mpaka kikabaki nusu. Kipime hicho. Kiko wapi?"

Mwoka mikate alikaa juu ya gunia la unga. Siku ya pili baada ya maziko, akisafisha jiko la mama, alikiona kimechakaa, akakitupa jalalani kwa mkono wake mwenyewe.