Sakafu Aliyonijengea Mtani Wangu Kondo

Sina cha kuficha, maana nusu ya mtaa wetu wa Chemchem ilikuwepo na nusu iliyobaki imehadithiwa. Siku ile, mchana kweupe, mimi mjane niliyemaliza eda yangu bila kusemwa na mtu, nilionekana nimeketi chini katikati ya banda langu la asali nimemkumbatia Mzee Karim, mwanamume ambaye si ndugu yangu wala mume wangu, kanzu yake imepanda juu ya magoti, mguu wake mmoja umezama ndani ya sakafu, na sote wawili tumelowa asali kuanzia kiunoni kwenda chini, hatuwezi kuachana. Nasema hatuwezi kwa sababu kila nikijivuta na yeye anakuja (asali ikishachanganyika na vumbi la simenti inashika kuliko gundi ya fundi viatu). Mlangoni watu wamejaa. Mama Siwema, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya nyanya, "Jamani, mahari imetajwa ngapi?"

Hapo ndipo nilipofika. Nilikotokea ni huku.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kazi yangu ni asali, niliachiwa na marehemu mume wangu nikaishika kwa sababu watoto hawajui kwamba baba amekufa ikifika saa ya kula. Nimeuguza, nimezika, nimefilisika nikainuka, na siandiki haya ili nionewe huruma. Nanunua kwa warina asali wanaotoka porini, nachuja, naweka kwenye mapipa bandani, halafu natembeza ndoo kichwani mitaani mpaka shingo inakufa ganzi. Mzee Karim ana duka la jumla Kanyenye, la tangu enzi za baba yake, na anasafirisha asali mikoani. Msimu huu akaniambia, "Binti yangu, mzigo wako wote nitauchukua, na kila msimu nitachukua kwako. Lakini asali inayokaa juu ya vumbi mimi siwezi kuwauzia watu. Weka sakafu ya zege, nije niione, tumalize." Kwangu mimi neno lile lilikuwa mwisho wa ndoo kichwani. Sikulala vizuri kwa furaha.

Nikaulizia bei. Fundi mmoja wa Kanyenye, mtu mzima, mpole, alikuja akazunguka banda, akapiga kisigino chini mara kadhaa, akasema, "Mama, hapa palikuwa na kichuguu." Nikamwambia ndiyo, tulikisawazisha tulipojenga. Akasema basi kazi ipo, kwa sababu mchwa ameacha matundu huko chini, itabidi tuchimbue yote, tushindilie mawe, ndipo tumwage zege. Kisha akataja bei. Nilidhani anajenga msikiti. Nikamwambia nitakutafuta, na sote wawili tulijua sitamtafuta.

Sasa aje Kondo. Kondo ni fundi mwashi, Mzaramo, alikuja Tabora na treni akiwa kijana, akaoa hapa, akazeekea hapa. Na mjue kwamba sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kwenda pwani na kupita kwao. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako unacheka. Mtani anachukua kuku wako uani unacheka. Siku ya maziko anajilaza ndani ya kaburi lenu anasema hatoki mpaka alipwe, na mnamlipa, na mnacheka. Anayekasirika ndiye asiye na adabu. Mimi nimelelewa hivyo na Kondo amelelewa hivyo.

Akanikuta sokoni. "Mnyamwezi, nasikia unatafuta fundi. Pesa umezitoa wapi, umeuza mjukuu?"

"Nimeuza shamba la babu yako," nikamjibu, "lilikuwa limekaa bure, hakuwahi kushika jembe."

"Basi nipe kazi nirudishe urithi wangu. Alichotaja yule wa Kanyenye nikate nusu, vifaa vyote vyangu, wewe kalale."

Nusu ya bei, vifaa vyake. Nani angekataa? (Wapo, nawajua, ndio wenye sakafu nzima.)

Hapa kwetu mtu akimwaga zege, mwenye kazi anaweka kigoda pembeni, anakaa na jua lake, anaangalia mifuko ya simenti ikifunguliwa mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Hata kaka yako akiwa fundi unakaa. Mimi sikukaa. Mtani unamlinda vipi? Ukimlinda atakuimbia mtaa mzima kwamba Mnyamwezi kageuka askari. Nikampa pesa ya kutangulia, akanunua simenti akaishusha mlangoni kwangu, nami nikaenda zangu porini kufuata asali kwa warina.

Niliporudi, sakafu ilikuwa inang'aa. Ilikuwa laini, ya kijivu, imepigwa niru, yaani ule uji wa simenti tupu unaopakwa juu mwishoni, mpaka nikaona kivuli changu. Watu walikuja kuitazama. Na mbele yao wote Kondo akasimama akasema, "Mtani, nikwambie ukweli, simenti yako nimeuza. Chini humo nimekutilia mchanga na matusi, juu nimepaka niru ili uone sura yako mbaya." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikamwambia Mzaramo hata kaburi akijenga maiti anahama, nikammalizia pesa yake, nikamwongezea na chupa ya asali.

Mama Siwema peke yake ndiye aliyeuliza jambo la maana, na hili nampa haki yake. "Mbona humwagilii maji? Sakafu ya watu inanyweshwa siku nyingi ndipo inakomaa." Nikamuuliza Kondo. Kondo akasema, "Usiinyweshe, mtani, itayeyuka." Tukacheka tena.

Siku ya Mzee Karim ikafika. Mapipa yalikuwa yameshapangwa ukutani yamejaa, majirani wako uani kwa sababu nilikuwa nimewatangazia mwenyewe (hilo nalijutia), chai ipo, mkeka upo. Akashuka kwenye bajaji na mkongojo wake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti yangu, akavua kofia kidogo kupangusa jasho, akaingia. Akaitazama sakafu, akasema, "Safi. Hapa sasa ndiyo biashara." Na kwa furaha yake akaigonga sakafu kwa mkongojo, kama mtu anayebisha hodi.

Mkongojo ukaingia wote mpaka mkononi.

Aliniangalia. Akausogelea ili auchomoe, na hatua ile ile mguu wake ukapasua niru ukashuka mpaka gotini, ndani ya lile tundu la mchwa ambalo fundi wa Kanyenye alilisikia kwa kisigino. Katika kutafuta pa kujishika akashika mdomo wa pipa, pipa nalo lilikuwa limekalia mchanga, likainama taratibu, bila haraka, likatumwagia. Mtu mwenye akili angeita wanaume. Mimi nilimrukia kumshika asivunjike, nikateleza, nikakaa, akanikalia. Pipa la pili likazama upande mmoja likafuata la kwanza. Nyuki walipata habari kabla ya mwenyekiti wa mtaa.

Kondo alifika tukiwa bado chini. Akachovya kidole kwenye asali, akalamba, akasema, "Mtani, si nilikwambia?" Watu waliokuwa wamejizuia wakaachia kicheko chote.

Tuliachanishwa kwa maji ya moto ambayo Mama Siwema aliyapitisha katikati yetu kwa birika la chai. Mzee Karim aliondoka na kiatu kimoja, kingine kiko chini huko mpaka leo. Mlangoni alisema tu, "Binti yangu, mimi ni mzee. Sitarudi." Hakugomba. Angegomba ningepata pa kuombea msamaha.

Nikaenda kwa Mwenyekiti wa mtaa, Mrisho. Kondo akaitwa. Hakukana hata neno moja. "Nilimwambia mbele ya watu kwamba simenti nimeuza. Akacheka, akanilipa, akanipa na asali." Mrisho akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Akasema mtani hashitakiwi, haijawahi kusikika Tabora hii, ila kwa heshima yangu Kondo atoe kuku. Kuku akatolewa, akapikwa pale pale kwa Mrisho, wakala. Mimi nililetewa shingo.

Kwa hiyo mkiniuliza sakafu ya banda inagharimu kiasi gani, nitawaambia ni ile bei ya yule fundi wa Kanyenye, na ukiikwepa utalipa mapipa mawili, mnunuzi wa kila msimu, na jina ulilolitunza tangu eda. Ndoo imerudi kichwani. Nikipita, wananiita Mama Karim. Na nimeapa, kazi yangu haishikwi tena na mtu ambaye sina ruhusa ya kumkasirikia.

Lakini kuapa hakunitoshi, nataka jibu. Kunitukana Kondo hakukosea, ni haki yake. Siku ile alipopakia mifuko ya simenti kwenye baiskeli ya mtu mwingine na kupokea pesa, hapakuwa na mtani pale wa kuchekeshwa, alikuwa peke yake na mnunuzi. Ule nao ulikuwa utani? Aliyenunua alicheka? Kondo aje anijibu kwa mdomo wake, mbele ya Mwenyekiti Mrisho aliyekula kuku wangu, na safari hii nitakaa mbele nikimtazama Mrisho mabegani.