Filamu Isiyo na Ngumi

Shemeji yangu anaishi kwa mdomo wake. Ana kibanda cha video, na filamu za kigeni huzitafsiri papo hapo kwa maiki, wahusika wote yeye: jambazi, polisi, bibi kizee, hata mbwa. Kwamba lugha zenyewe hazijui hakujawahi kumsumbua. Mtaani anaitwa Fundi Mdomo.

Wiki ile dada yangu, mkewe, alikuwa amemnunia siku ya sita. Shemeji, mbele ya mama yake mwenyewe, alimwambia kwamba hana adabu, kisa chai imechelewa, na radhi hataki kuomba. Dada aliendelea kukata tiketi mlangoni, lakini nguo zilishaingia begini. Jumapili anarudi kwetu. Nami, sifichi, nilishamfagilia chumba.

Jumamosi mchana Shemeji akachomeka diski akidhani ni ya ngumi. Kumbe ni mume na mke mezani, wageni wamejaa, mume anamfokea mke. Mke anainuka, anakwenda kusimama dirishani. Basi! Robo saa nzima ni dirisha tu.

Shemeji akaona pa kupenya. "Nisamehe mume wangu," akasema kwa sauti nyembamba. "Kweli mimi sina adabu."

"Muongo!" akaruka mama muuza mkaa kwenye benchi la mbele. "Mbona mdomo kaufumba?"

"Anasema moyoni."

"Moyoni anakutukana wewe!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Dada akaingia kutazama kulikoni, tiketi mkononi, akasimama ukutani. Wakati huohuo yule mume akapiga magoti, machozi yanamtoka, akaanza kuongea. Hapo hapakuwa na ujanja. Watu wote wakamgeukia Shemeji.

"Mke wangu," akaanza, "ile chai..."

"Chai gani? Mezani hakuna chai!"

"Nyamaza, mama! Mke wangu, nilikudhalilisha. Nilitaka nionekane mwanamume mbele ya watu. Usiondoke."

Kwenye skrini yule mume alishanyamaza, kashaondoka, majina yanapanda. Shemeji bado anaomba. Simpendi mtu yule, lakini nililia.

Dada akamsogelea. "Nimesikia," akasema. "Sasa kamwambie mama yako. Kule hakuna filamu ya kujifichia."

Shemeji akaweka maiki chini. Akapita katikati ya mabenchi, akashika njia ya kwa mama yake.