Maabara Niliyoiombea Jidda

Kabla ya kwenda Uarabuni nilikuwa mwalimu wa fizikia na kemia katika shule ya upili ya kutwa huko kwetu Ukambani. Serikali haikuwa imeniajiri. Nililipwa na bodi ya shule, maana yake nililipwa wazazi walipouza ndengu, na mvua ilipokosa sikulipwa. Kazi yenyewe niliipenda. Kilichonikera ni kwamba nilifundisha sayansi kwa chaki. Bureti, ile neli ndefu ya kioo yenye mfereji chini, niliichora ubaoni, pipeti nikaichora, hata mwali wa gesi niliuchora kwa chaki ya buluu, na wanafunzi wakanakili vizuri sana kwa rula. Siku ya mtihani wa vitendo ndipo vifaa vya kuazima vilipofika kwa katoni kutoka shule jirani, na mtoto wa kidato cha nne akashika bureti kwa mara ya kwanza mbele ya msimamizi. Mwaka mmoja msichana aliishika juu chini. Hakujua kitu kile huelekea wapi.

Mvua ilipokosa misimu miwili mfululizo, nikaacha kazi. Wakati huo maajenti walikuwa wamejaa hadi masoko ya kwetu, na wanawake waliondoka kwa makundi. Sikumficha mtu. Niliwaambia mama yangu, mwalimu mkuu na wanafunzi kwamba naenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Wanafunzi waliniombea, nikaondoka.

Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikaa Malaz, mtaa wa Riyadh, katika jengo la zamani lenye familia nyingi. Mkewe, ambaye nilimwita madam, alifanya kazi katika ofisi ya hospitali. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa chumba chenye dirisha, na simu yangu hakuichukua. Nilipika, nikafua, nikapiga pasi kanzu nyeupe za mumewe hadi nikazijua kwa kuzipapasa.

Nilikuwa nimekaa mwaka mzima pale mwalimu mkuu aliponitumia ujumbe wa sauti. Alisema pesa za eneo bunge zilikuwa zimejenga chumba cha maabara, kuta na paa, kisha zikaisha. Hakukuwa na mfereji wala gesi wala meza, sembuse vifaa. Kwa sasa bodi ilikuwa inahifadhi magunia ya mahindi ya chakula cha mchana mle ndani. "Mwalimu," akasema, "wewe uko karibu na wafadhili kuliko sisi. Hebu tutafutie."

Hakuna aliyekuwa ameniita mwalimu tangu nishuke uwanja wa ndege. Neno hilo ndilo lililonifanya nikubali.

Nilianza kutafuta kwa simu saa za mchana, madam akiwa kazini na nguo zikikauka darini. Nikagundua kwamba wafadhili wa sayansi na hesabu wako wengi duniani, na kila mmoja ana mlango wake mwembamba. Mmoja alisaidia shule za wasichana pekee, na yetu ilikuwa ya mseto. Mwingine alitoa kompyuta, na sisi hatukuwa na stima. Wa tatu alitaka hesabu za shule zilizokaguliwa na mkaguzi wa kulipwa, jambo ambalo bodi yetu ilikuwa haijawahi hata kulisikia. Mwalimu mkuu alinipigia picha za majengo, mimi nikaandika maombi kwa Kiingereza nikiwa nimeketi juu ya beseni lililopinduliwa, kisha tukangoja. Majibu yalipokuja yalikuwa ya adabu. Walitushukuru na kututakia heri.

Siku moja madam alirudi mapema akanikuta jikoni nimeinamia simu, machozi yananitoka. Alidhani nimefiwa. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba ni shule, kwamba nilikuwa mwalimu, kwamba wamekataa tena. Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya jikoni, akasema dada yake wa Jidda yumo katika chama cha wanawake wanaosaidia shule za nchi maskini. Tungeenda huko likizoni, nami ningeongea nao mwenyewe.

Nilijiandaa kama anayekwenda kusailiwa. Katika begi nililoondoka nalo Kenya kulikuwa na sketi ya kijivu na blauzi niliyokuwa nikivaa siku za wageni shuleni. Niliipiga pasi blauzi ile vizuri kuliko kanzu zote.

Nyumbani kwa dada yake madam alifanya kazi mama mmoja wa Mombasa, mtu mzima, aliyekaa Jidda miaka mingi na kuongea Kiarabu kama mwenyeji. Aliishi humo humo, ila Ijumaa alienda Kandara, mtaa wa huko Jidda, kuwaona wenzake. Alinipokea kwa upendo, akaniita mwanangu, akaambiwa yeye ndiye atakayenitafsiria.

Alasiri ile wageni walipoanza kufika, nilitoka chumbani nimevaa sketi na blauzi. Dada yake madam akanitazama toka juu hadi chini, si kwa ukali, kisha akazungumza na yule mama. Mama akanigeukia akiwa anaangalia sakafu.

"Anasema uvae nguo za kazi, mwanangu. Na aproni. Anasema ukivaa hivyo hawatajua ni nani anayeomba."

Nikamtazama madam wangu. Alikuwa anapanga tende kwenye sahani, akaendelea kupanga. Nikarudi chumbani nikabadilisha.

Niliingia majlisi, sebule ya wageni, nimebeba sinia la kahawa, nikawamiminia wote, ndipo nikaambiwa nisimame katikati niseme. Dada yake madam akatoa simu anirekodi, kwa kuwa chama kilihitaji video ya kuonyesha wachangiaji. Wageni wakasogea pembeni na kujifunika nyuso, wakicheka, maana hawakutaka kuonekana. Nikabaki mimi peke yangu mbele ya simu.

Nikaanza kueleza habari za shule, na mama wa Mombasa akatafsiri. Lakini nilikuwa nimekwisha kujua Kiarabu cha kutosha. Nilimsikia akisema watoto wetu wanasomea juani. Nilimsikia akisema hatuna paa. Wale wanawake wakaguna kwa huruma, mmoja akafuta macho. Yule mama alikuwa ananisaidia. Alijua ni nini kinachofungua mikono ya watu wale. Mimi nikamfikiria mwalimu mkuu aliyehangaika hadi akapata yale mabati, nikashindwa kunyamaza. Nikasema mwenyewe kwa Kiarabu kwamba paa lipo.

Mwanamke mmoja akauliza, "Kama paa lipo, basi unataka nini?"

Sikujua bureti inaitwaje kwa Kiarabu. Yule mama hakuijua kwa lugha yoyote. Juu ya meza kulikuwa na jagi la karkadeh, ile sharubati nyekundu ya maua, na jikoni nilijua pana magadi ya kuokea na ndimu. Nikaomba ruhusa nikavileta. Nikamimina karkadeh kidogo katika glasi mbili na kuongeza maji. Ya kwanza nikaitia ndimu, ikazidi kuwa nyekundu. Ya pili nikaitia magadi, ikageuka buluu, kisha kijani. Nikawaambia kwamba hii ndiyo kemia, na kwamba wanafunzi wangu waliisoma bila kuiona.

Walifurahi mno. Walipiga makofi na vigelegele, wakaniomba nirudie, dada yake madam akisogeza simu karibu na mikono yangu. Nikarudia. Mmoja akamwambia madam kwamba ana bahati, shagala wake, yaani mtumishi wake, ana vituko. Walinipigia makofi kama anavyopigiwa mtoto aliyekariri shairi. Nilikuwa nimefundisha miaka sita, na darasani kwangu hakuna aliyewahi kunipigia makofi, waliniuliza maswali. Pale hakuna aliyeniuliza swali. Nilisimama na glasi ya kijani mkononi, uso ukiniwaka, hadi madam akasema, "Yalla, leta chai."

Pesa zilitoka. Baada ya barua nyingi kati ya chama kile na mwalimu mkuu, maji yalivutwa, mtungi wa gesi ukaja, meza zikaundwa na fundi wa sokoni, na katoni za vifaa zikafika kutoka Nairobi zikiwa na jina la shule yetu. Mwalimu mkuu alinitumia picha za bureti zimepangwa kwenye vishikizo. Nilizitazama nikiwa darini, na sitasema uongo, nilifurahi.

Siku ya ufunguzi alinipigia kwa video niwe pamoja nao. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mama yangu mstari wa mbele na leso mpya. Sharti la chama lilikuwa video ionyeshwe, basi wakatundika shuka jeupe ndani ya maabara na kuiwasha kwa projekta na jenereta. Mwalimu mkuu alishika simu yake kuelekea kwenye shuka, nami Riyadh nikajiona mkubwa kuliko mtu, na aproni na sinia, nikimimina kahawa. Chini yake yaliandikwa maneno ya Kiingereza yaliyosema ndoto ya mtumishi wetu.

Wote walijua kazi niliyoendea. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Nilisikia wanafunzi wakicheka nilipoinama kumimina, kisha mwalimu mmoja akiwanyamazisha, na kule kunyamazishwa kuliniuma kuliko kicheko. Sehemu ya karkadeh walipiga makofi, lakini nilikuwa nimekwisha kuigeuza simu juu chini kitandani.

Jioni mama alinipigia. Alizungumza kwanza juu ya kuku na juu ya mvua. Kisha akauliza, "Kwani hukuweza kuvua ile aproni?"

"Walikataa, mama."

"Haya," akasema. "Maabara ni nzuri. Hata maji yanatoka." Hakulitaja tena jambo hilo hadi leo.

Mkataba ulipoisha nilirudi nyumbani. Mwalimu mkuu alikuwa amenitunzia nafasi, na safari hii chama kilichangia mshahara wangu kwa muda. Nilifika shuleni asubuhi na mapema ili niione maabara kabla ya wanafunzi. Kando ya mlango wa mbele, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na picha yangu kubwa, na aproni na sinia, iliyotolewa kwenye ile video. Nilimwomba mwalimu mkuu aishushe. Alisikitika kweli, nilimwona. Akaniambia wageni wa chama wanaweza kuja wakati wowote kukagua, na picha imo katika makubaliano. Kama ningesisitiza angeishusha, lakini kidato cha tatu walikuwa bado wanangoja mzani na kemikali za mwaka uliofuata.

Sikusisitiza.

Wiki ya kwanza nilisikia mtu akiniita Shagala nyuma ya madarasa. Neno lilikuwa limefika kabla yangu. Lilififia lenyewe, kwa kuwa wanafunzi hupata haraka kitu kingine cha kusema. Sasa wanashika bureti kwa mkono mmoja huku wakipiga gumzo, wanafungua mfereji wake bila kutazama, na wakivunja pipeti wanakuja kuniambia. Mtihani wa vitendo hauwatetemeshi tena.

Maabara ina milango miwili. Wanafunzi huingia kwa ule wa mbele, penye picha. Mimi huzunguka nyuma na kuingia kwa mlango mdogo ulio karibu na mtungi wa gesi. Wao hudhani naukagua mtungi, na mwaka jana mmoja wao alimwambia mkaguzi wa elimu kwamba mwalimu wao, kwa usalama, hana mchezo.