Poni Alipolala

Mwalimu wetu wa yoga hapa mtaani Munuki ana viganja vigumu vya mtu aliyelima miaka mingi ukimbizini Uganda, na kabla ya kumgusa mtu mgongoni huvisugua kwanza vipate joto. Hasemi umekosea, husema, "Pole pole, mama." Jumamosi, tulipolala chali uani kumalizia darasa, mwenzetu Poni akaanza kukoroma. Alikuwa hajapata usingizi tangu amzike mwanawe. Jirani yake akanyoosha mkono amwamshe.

"Wacha alale," mwalimu akanong'ona. "Mimi pia, kule ukimbizini Arua, darasa langu la kwanza la yoga nililala tu, nikaamka nalia."

Tukakunja mikeka kimya kimya. Mwalimu akahamia upande wa jua, akaketi hapo, kivuli chake kikimfunika Poni uso, mpaka alipoamka mwenyewe.