Neno Ambalo Mkwe Halitamki

Kabula wa Ngulyati alikuwa na mdomo. Wauza dagaa wa Bariadi walimwogopa, na mumewe Fredrick alikwisha kukubali yaishe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Ila mbele ya baba mkwe wake, Mzee Bundala, mwanamke huyo aligeuka bubu. Hakumtazama usoni, hakukaa naye mkeka mmoja, na mambo ya mwili hakuyagusa kabisa. Ndivyo alivyolelewa.

Mzee alipogundulika ana saratani ya tezi dume, ilikuwa mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kugombania pamba kwa malori yao. Fredrick akabaki na mavuno. Kabula ndiye aliyempandisha mzee treni pale Malampaka, wakaenda Dar es Salaam kwenye mionzi, kwa sababu yeye alikijua Kiswahili. Cha mzee kilikuwa cha mnadani tu, cha kuuzia ng'ombe.

Nesi Justina alieleza vizuri. "Mama, mwambie mzee anywe maji ya kutosha, halafu abane mkojo mpaka atoke kwenye mashine. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo kando, mionzi haiufikii. Akiingia kibofu kikiwa kitupu, nyama isiyo na ugonjwa ndiyo itaungua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Kabula akainamisha kichwa, akasema kwa Kisukuma, "Baba, wanasema unywe maji mengi." Basi. Mengine hakuyasema. Amtajie baba mkwe mkojo! Alijiambia atatafuta mwanamume amweleze, lakini kwenye foleni ile hakumjua hata mmoja, na kumrudia nesi aliona haya.

Kila siku mzee alikunywa maji yake kwa utii, na kila siku, kabla ya kuitwa, alijikokota hadi chooni. Kabula alimwona. Akatazama ukuta.

Uvimbe ulikufa, lakini mzee hakupona. Walirudi Ngulyati, na mvua zilipoanza akawa anatoka damu kila aendapo haja kubwa. Kanisani aliacha kwenda. Mnadani, alikosifika kwa kumjua ng'ombe kwa kumtazama tu, hakuonekana tena. Daktari akasema utumbo umeungua. Kabula alikosa usingizi, akakosa hata hamu ya kugombana na mtu.

Hali ilipokuwa mbaya, alipiga magoti nje ya mlango wa mzee, maana mkwe haingii ndani, akasema yote. Na neno lile akalitamka.



"Mayu," mzee akasema, akimwita mama kama wazee wa kwao wamwitavyo binti wampendaye, "yule nesi nilimsikia. Mkojo kwa Kiswahili naujua. Ila ulikuwa haubaniki tena. Niliogopa kujilowesha mbele yako."

Kabula akalia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Kumbe wote wawili walijua. Justina, ambaye angejua la kufanya, hakuambiwa na yeyote.